Maumivu ni ya kweli, na hamu ya gesi nayo ni ya kweli

Kuna klipu inazunguka kwenye simu za wazazi wenye watoto wa sikoseli hapa Arusha, na bila shaka Moshi imeshafika, inaonyesha dada mmoja yuko ndani ya ambulensi huko Uingereza analia kwa maumivu, anapewa kijibomba flani anakiweka mdomoni anavuta, na kabla klipu haijaisha ameshatulia, macho yamelegea, anatabasamu. Mama mmoja akaandika chini yake, hii gesi inauzwa wapi huku kwetu, hata kama ni laki tano ntakopa. Mi namuelewa kabisa huyo mama. Ukishakesha na mtoto anayekuambia mama mguu unavunjika, mama mguu unavunjika, na huna cha kumpa zaidi ya panadol na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga, utanunua chochote utakachoambiwa.

Ila mdogo wangu, ambaye naye ana sikoseli, ameitumia hiyo gesi, kitaalamu naitrasi oksaidi, kwa muda mrefu, ilimsaidia kweli na ikamuumiza kweli, na amenipa ruhusa niandike ilimradi nisitaje jina lake wala mji aliokuwa anakaa. Kaisoma hii makala kabla sijaiweka, kuna sehemu alizikataa nikazitoa.

Kwetu asili ni Kanda ya Ziwa, baba mtu wa Sengerema, mama wa Ukerewe, walihamia Arusha kabla hatujazaliwa, tumekulia Sakina. Watu wengi wa huku milimani wakisikia sikoseli, au selimundu kama inavyoandikwa kwenye mabango ya wizara, wanaona ni ugonjwa wa watu wa mbali, lakini mji huu umejaa watu wa kila mkoa na kila mtu amekuja na damu yake. Sikoseli iko kwa wingi kule ambako malaria ilikaa vizazi na vizazi, kwasababu mtu mwenye kinasaba kimoja tu cha sikoseli malaria kali haimuui kirahisi, hilo Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954 kwa utafiti alioufanya hapahapa Afrika Mashariki. Shida inakuja mtoto anapochukua kimoja kwa baba na kingine kwa mama. Tanzania inakadiriwa kwamba watoto kama 11,000 wanazaliwa hivyo kila mwaka, tuko kati ya nchi zinazoongoza duniani.

Na hayo maumivu, kwa ambao hawajawahi kuyaona kwa karibu, naomba mnielewe, sio mtu kujisikia vibaya. Chembe nyekundu za damu zikikosa oksijeni zinajikunja umbo la mundu na kuwa ngumu, zinakwama kwenye vimishipa vidogo, na mfupa unakosa damu ukiwa hai. Mtu anaweza kukaa hivyo siku tatu, siku tano, wiki nzima. Kwa mdogo wangu ilianza akiwa bado anatambaa, viganja na nyayo zikavimba, bibi akadhani kang'atwa na mdudu. Baridi inaichokoza, kukosa maji mwilini inaichokoza, homa, uchovu, hata stresi. Na baridi ya Arusha ya mwezi wa saba mnaijua, alikuwa analala na sweta, soksi juu ya soksi, blanketi la Kimasai juu ya blanketi la kawaida, na bado usiku wa manane unasikia anaanza kuguna taratibu ili asimuamshe mama.

Sasa huyu ndio akapata nafasi ya kwenda kusoma masters Uingereza. Mama alikataa kabisa, alisema mwanangu hapa tu Juni inakutoa machozi huko theluji utaiweza? Baba akasema muache aende, huko hospitali zao zina kila kitu. Akaenda. Na kweli hazikupita wiki nyingi za baridi kraisisi, yaani hayo maumivu yanapoamka kwa nguvu, ikamkuta kwenye kituo cha basi, wakaita ambulensi, na kabla hata hawajamfunga mkanda wa machela akapewa ile gesi.

Usiku ule aliponipigia sauti yake ilikuwa ya furaha ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu aliyelazwa. Dada, akaniambia, yamezimika. Yaani nimevuta yakazimika, sijawahi, maisha yangu yote sijawahi. Nikalia. Hebu fikiria mtu wa miaka ishirini na kitu ndio kwa mara ya kwanza anajua kumbe haya maumivu kuna kitu kinaweza kuyazima papo hapo, na sio baada ya saa mbili za kubembelezana na nesi.

Hiyo naitrasi oksaidi wazungu wameiita gesi ya kucheka tangu zamani, na ile ya hospitali imechanganywa nusu kwa nusu na oksijeni, wengi wanaijua kwa jina la Entonox. Huo mchanganyiko aliuleta daktari wa usingizi anaitwa Michael Tunstall mwaka 1961 kwa ajili ya kina mama wanaojifungua, na mpaka leo wodi za uzazi kule ni kitu cha kila siku. Unashika mwenyewe kijibomba chenye valvu, valvu inafunguka ukivuta tu, ukisinzia mkono unaanguka na gesi inakata yenyewe. Ndani ya nusu dakika mpaka dakika moja hivi unaanza kuisikia, na ukiacha, dakika chache imeshatoka kwa njia ileile ya mapafu iliyoingilia. Haina mazoea ya kukaa kwenye damu. Kwa mama ambaye uchungu unapanda na kushuka, kwa mtu aliyevunjika mguu bodaboda imempiga, kwa mtoto anayeshonwa kidonda, ni msaada mkubwa sana na siipingi hata kidogo.

Tatizo ni kwamba kraisisi inachukua siku tano na gesi inachukua dakika tano. Uchungu wa uzazi unapanda kisha unashuka, kidonda kinashonwa kinaisha, lakini mfupa uliokosa damu hauachi kuuma kwasababu umevuta pumzi mbili. Kwa hiyo unavuta tena. Na tena. Ndio ile mikopo ya kausha damu kabisa, hela unaipata hapohapo, hakuna anayekuuliza maswali, na kesho yake asubuhi wapo mlangoni wanataka marejesho, unakopa ya leo kulipa ya jana. Na kichwa kinajifunza. Hii gesi inaziba milango ileile ya ubongo inayozibwa na ketamini, dawa ya usingizi, alafu inauamsha mwili umwage dawa zake wenyewe za maumivu ambazo ni ndugu wa morfini, na kitu chochote kinachopanda haraka na kushuka haraka namna hiyo ndio ubongo unakishika haraka kuliko vyote. Dawa inayopanda polepole na kukaa masaa haifundishi mkono kurudi kila baada ya dakika.

Alafu kuna jinsi ilivyokuwa inatolewa. Hospitali aliyokuwa anapelekwa walikuwa wanachelewa kumpa dawa za nguvu, muongozo wa taifa wa kule wa mwaka 2012 unasema mgonjwa wa sikoseli aliyekuja na maumivu apewe dawa ndani ya dakika 30 tangu afike, sasa yeye alikuwa anasubiri masaa, na katika kusubiri anaachiwa mtungi pembeni ya kitanda. Hakuna aliyekuwa anaandika amevuta muda gani. Dawa ya kwenye dripu inaandikwa kila miligramu na sahihi juu, gesi inachukuliwa kama hewa tu. Mtungi ukiisha unaletwa mwingine. Nesi wa asubuhi hajui wa usiku aliacha mtungi saa ngapi.

Ikaendelea hivyo baridi nzima na iliyofuata. Mabadiliko sikuyaona mara moja kwasababu tulikuwa tunaonana kwenye simu, unaona uso tu. Kilichokuja kunishtua ni kwamba alianza kwenda hospitali kwa maumivu ambayo zamani angeyavumilia na panadol na maji ya kunywa ya kutosha. Yeye mwenyewe amenieleza baadaye, kwa maneno yake, kwamba hakuwa anadanganya, maumivu yalikuwepo, ila kabla hata hayajakomaa alikuwa ameshaanza kuifikiria gesi, njiani kwenye teksi kifua kinamdunda kwa hamu, na akifika akipewa vidonge badala ya mtungi anakasirika kupita kiasi. Akishapona akirudi chumbani anasikia kama kuna kitu kimepungua. Anasema alikuwa anaogopa maumivu yajayo kuliko aliyokuwa nayo, na gesi ilikuwa ndio kitu pekee alichokiamini.

Hapo watu wengi wanapotea kwasababu wanasubiri kuona arosto. Tumezoea kuona mateja wa unga, wakikosa wanatapika, wanatetemeka, pua zinachuruzika, basi tunasema kama hakuna hayo hakuna uraibu. Naitrasi oksaidi haikutii arosto ya namna ile. Mtu anaweza kuiacha leo asitapike. Kinachobaki ni hamu na hofu, na hivyo viwili havionekani kwenye kipimo chochote, vinaonekana kwenye maisha ya mtu, ameacha kwenda darasani, amepanga chumba kwa kuangalia umbali wa kwenda hospitali.

Na sio jambo jipya. Humphry Davy, kijana wa miaka ishirini na kidogo, alikuwa anaivuta na kuivuta kule Bristol, mwaka 1800 akachapisha kitabu akasema huenda itafaa kwenye upasuaji kwasababu inaondoa maumivu, na ikapita miaka zaidi ya arobaini watu wanaitumia kwenye maonyesho ya kuchekesha umati tu. Mwaka 1844 daktari wa meno Horace Wells kule Hartford Marekani ndio akakubali ang'olewe jino lake mwenyewe akiwa amevuta. Wells huyohuyo akaja kuvuta klorofomu, dawa nyingine ya usingizi, katika majaribio yake mpaka ikamtawala, akajiua mwaka 1848 akiwa mahabusu. Yaani tangu mwanzo kabisa, watu waliotuletea raha ya kutosikia maumivu, kuna waliozama humohumo.

Nirudi kwa mdogo wangu, kwasababu uraibu peke yake haukuwa habari mbaya zaidi.

Alianza kusema vidole vya miguu vina ganzi. Tukasema baridi. Ganzi ikapanda mpaka kwenye nyayo, ikawa kama anakanyaga pamba, ikaingia vidole vya mikono, akawa anaangusha funguo. Akiinamisha shingo anasikia kama shoti ya umeme inashuka mgongoni. Akiwa anaoga akafumba macho kuosha nywele akaanguka, kwasababu miguu haimuambii tena iko wapi, inabidi macho yamsaidie. Alipowaambia hospitali, jibu la kwanza lilikuwa ni sikoseli hiyo. Kila kitu ni sikoseli. Ukiwa na sikoseli hata ukigongwa na gari wataanza kwa kuuliza damu yako.

Aliyemuokoa ni nesi mmoja wa kitengo cha damu, mama wa Kinigeria, alimuuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa amemuuliza: mwanangu, kwa wiki unavuta gesi masaa mangapi?

Iko hivi. Naitrasi oksaidi inaiharibu vitamini B12. Ndani ya B12 kuna madini ya kobalti, gesi inayachoma, na vitamini inakuwa ipo lakini haifanyi kazi. Bila B12 mwili unashindwa kutunza lile ganda linalofunika mishipa ya fahamu, linaanza kuvuliwa, hasa kwenye uti wa mgongo, ndio maana ya ganzi na kupepesuka. Na uboho nao unashindwa kutengeneza damu vizuri. Mtu mwenye afya na B12 ya kutosha akivuta nusu saa kwa daktari wa meno hapati shida. Lakini mtu anayevuta masaa, siku baada ya siku, anaimaliza. Na mtu wa sikoseli ana sababu za ziada za kuchelewa kugundulika, na hapa naomba wazazi mnisome taratibu.

Kwanza damu yake iko chini siku zote, kwa hiyo ikipungua zaidi hakuna anayeshtuka. Pili, watoto wetu wote wanapewa foliki asidi kila siku, na ni sawa wapewe kwasababu mwili wao unatengeneza damu mpya kwa kasi, ila foliki asidi inaweza kuifanya damu ionekane iko poa kwenye kipimo wakati mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika chini kwa chini. Foliki sio B12. Tatu, hata ukipima B12 yenyewe kwenye damu inaweza kusoma kawaida, kwasababu ipo, imeharibiwa tu, inabidi wapime vitu vingine kama homosisteini, ambayo inapanda kwenye damu B12 isipofanya kazi. Na nne, B12 tunaipata kwenye nyama, maziwa, mayai, samaki, dagaa. Tunasema Arusha ni mji wa nyama, ila nyumba ngapi nyama inaonekana Jumapili tu, au sikukuu? Mwanafunzi anayejibana ugenini anaishi kwa mkate na tambi.

Madaktari wa Uingereza waliandika kuhusu wagonjwa wa sikoseli walioharibika mishipa kwa gesi ya hospitali tangu miaka ya 1990. Haikuwa siri. Ufaransa, ambako gesi hii inatumika sana kwa watoto wa sikoseli, maelezo ya dawa yenyewe yanasema isizidi dakika 60 mfululizo kwa siku, na kama inarudiwa kila siku isizidi siku 15. Dakika 60. Mdogo wangu alikuwa anaachiwa mtungi usiku kucha.

Akaacha gesi, akaanza sindano za B12, siku moja anachomwa siku moja anapumzika. Mikono ilirudi. Kupepesuka kukaisha. Nyayo hazijarudi zote, mpaka leo akivua ndala sebuleni wakati mwingine hajui kama ameivua, na wengine waliopatwa na hili hawakurudi kabisa kwenye kutembea vizuri, kwa hiyo tunamshukuru Mungu.

Sasa kuna siku moja ambayo ananiambia hawezi kuisahau, na ndio kiini cha haya yote ninayoandika. Ilikuwa kabla hawajagundua. Alifika hospitali anaumwa kifua na mapaja, maumivu ya kweli, na nesi aliyekuwa zamu akamuambia mbele ya watu, wewe umefuata gesi. Na mdogo wangu akanyamaza kwasababu ilikuwa kweli, alikuwa amefuata gesi. Na alikuwa anaumwa. Vyote viwili. Yule nesi alikuwa amechagua kimoja akatupa kingine, mdogo wangu akaachwa kwenye kiti mpaka usiku, na alipopigwa picha ya kifua kumbe mapafu yameshaanza kuziba, ile hali ya kifua ambayo inaua watu wa sikoseli. Ikabidi aongezewe damu usiku uleule.

Hicho ndio kinachonitia hofu nikiandika kuhusu uraibu. Najua kuna mtu mwenye koti jeupe atasoma hapa aseme ona, nilisema mimi, hawa wanapenda dawa. Hapana. Watafiti wameliangalia hili kwa upande wa dawa za jamii ya morfini na hawajaona kwamba watu wa sikoseli wanaangukia uraibu kuliko wagonjwa wengine wenye maumivu ya kudumu. Anayeangalia saa akisubiri dozi inayofuata mara nyingi ni mtu aliyepewa dozi ndogo. Na kutoaminiwa kunaua. Mwezi wa nne 2019 kijana wa miaka 21, Evan Nathan Smith, mgonjwa wa sikoseli aliyelazwa hospitali kaskazini mwa London, alipiga simu ya dharura 999 akiwa kitandani hapohapo hospitalini kuomba oksijeni, kwasababu wodini hakuna aliyemsikiliza. Alifariki. Kifo chake kikachangia uchunguzi wa wabunge, ripoti ikatoka Novemba 2021, na jina walilolipa ripoti ile kwa Kiswahili ni kwamba hakuna anayesikiliza.

Kwa hiyo mtu wa sikoseli mwenye hamu ya gesi anahitaji dawa zaidi ya maumivu, sio pungufu. Ukimnyang'anya mtungi na usimpe kingine umemrudisha kwenye mfupa unaokufa, na atautafuta popote, na huko nje kuna ile ya mitaani ya vichupa vya kutengenezea krimu inayovutwa kwenye maputo bila oksijeni kabisa, kwa mtu ambaye chembe zake zinajikunja kwa kukosa oksijeni. Uingereza Novemba 2023 waliifanya hiyo kuwa dawa ya kulevya kisheria. Kilichomsaidia mdogo wangu kuacha hakikuwa ukali wa mtu. Yule mama wa kitengo cha damu alikaa naye wakaandika mpango, ukifika unapewa dawa hii, kiasi hiki, ndani ya muda huu, mtu wa kumpigia ni huyu, gesi haimo. Akaongezwa kidonge cha haidroksiyurea kila siku, kile kinachopunguza kraisisi zenyewe zisije, ambacho hata kwa watoto wa Afrika kimeshajaribiwa, Kenya, Uganda, Kongo na Angola, na maumivu yakapungua, malaria ikapungua, vifo vikapungua. Alivyoanza kuamini kwamba dawa itakuja kwa wakati, hamu ikashuka yenyewe taratibu. Haikuisha. Anasema akiona mtungi kwenye sinema mate yanamjaa.

Karudi nyumbani sasa, anafanya kazi Moshi, Jumamosi anapanda Hiace anakuja kwetu. Na huku kwetu shida imegeuka kichwa chini miguu juu. Gesi hamna, na hata hiyo nyingine hamna. Kuna hospitali ukitaja morfini wanakuangalia kama umetaja bangi. Mwaka jana nilimsindikiza sehemu flani kwenye kraisisi, kijana wa zamu akasema tramadoli hatutoi ovyo siku hizi, mateja wengi, hayo anayasema mdogo wangu anatetemeka kwenye benchi. Wakati morfini ya maji ipo nchini, na kwa hapa Arusha watu wa tiba shufaa, wale wa kutuliza maumivu ya wagonjwa mahututi, wa hospitali ya Selian wameshazoea kuitumia kwa wagonjwa wa saratani miaka mingi bila kugeuza mtu kuwa teja. Kwanini wa sikoseli akipiga kelele zilezile apewe diklofenaki na kuambiwa avumilie, alafu hiyo diklofenaki yenyewe kila wiki inakula figo ambazo sikoseli imeshaanza kuzila.

Kwa hiyo kwa yule mama wa laki tano, na wengine wote mlioniuliza. Usitafute mtungi wa kuweka nyumbani. Sio kwasababu mwanao hastahili kupumzika, anastahili sana. Ni kwasababu kraisisi yake ni ya siku na gesi ni ya dakika, na ukiwa nayo ndani hakuna atakayehesabu. Hiyo hela ingia nayo kliniki uulize haidroksiyurea, ukiambiwa haipo uliza lini. Muombe daktari aandike kwenye karatasi mwanao akija na maumivu aanziwe dawa gani na kwa kiasi gani, igongwe muhuri, tembea nayo, maana saa nane usiku utamkuta daktari ambaye hakujui. Homa, kifua kuuma, kupumua kwa shida, mdomo kupinda au upande mmoja kulegea, hivyo usivitibu nyumbani hata dakika. Na kama mwanao yuko nje anasoma na anapewa gesi, muulize swali la yule nesi wa Kinigeria, kwa wiki masaa mangapi, alafu muulize kuhusu vidole vya miguu. Muulize kwa upole, asione umemuweka kizimbani.

Hapa mjini ipo hospitali binafsi yenye hiyo gesi kwa ajili ya wazazi wanaojifungua, na nimesikia wanafikiria kuianza kwa wagonjwa wengine wa maumivu. Nilienda kuongea na mratibu wao wa wauguzi, tukakaa muda mrefu, dada msikivu sana. Nilimuomba vitu vichache tu: kila mtungi uwe na karatasi inayoandikwa dakika, mgonjwa wa sikoseli apewe wakati anasubiri dawa ya kweli na sio badala yake, na akivuka saa moja kwa siku au akirudi mara kwa mara apimwe na achomwe B12 bila kusubiri ganzi. Akaandika yote kwenye daftari lake. Akaniuliza kama mdogo wangu anaweza kuja kuwaelezea manesi wa zamu yeye mwenyewe, sio mimi. Nikampigia palepale nikaweka spika, akauliza kitu kimoja tu, watanisikiliza mpaka mwisho? Dada akasema watakaa. Ni Alhamisi ijayo, saa nane mchana, wakibadilishana zamu.